Kutafuta Kinu, Kuingia Msibani

Mkinicheka nitacheka nanyi, maana aibu niliyoipata Hodge Hill, mtaa wetu huku Uingereza, siku ile nimeibeba peke yangu miaka mingi, na imeshanichosha.

Nilikuwa nimejiunga na darasa la historia ya mtaa pale maktaba (nani alinituma, hata sijui), kila mtu akaambiwa achague kitu kilichopotea akifuatilie, mimi nikachagua kinu cha upepo kilichokuwa kikisaga ngano huku kwetu kabla nyumba hazijajaa. Ramani mbili za zamani zilikiweka mahali tofauti. Jirani yangu Mama Furaha, mtu wa Bukavu, alinishangaa: "Dada, unatafuta moulin, kinu yenye haiko tena? Kwetu tuliacha vitu mingi, njoo utafute ile." Lakini mimi nikishika jambo siliachi, na mkutubi alishaniambia amebaki mtu mmoja tu anayejua kilisimama wapi, mzee Ken, ambaye babu yake ndiye aliyekiendesha mwisho.

Nikapiga simu mara kadhaa, haipokelewi, basi nikapika maandazi (mkono mtupu haulambwi) nikaenda mwenyewe nyumbani kwake. Nakuta magari yamejaa, mlango wazi, watu wamevaa nyeusi, na mama mmoja pale nje ananiambia Ken wamemzika asubuhi.

Pale ndipo ningegeuza. Mwingereza angesema pole akarudi kwake, lakini mimi nimelelewa Tanga, na kwetu huwezi kufika penye msiba ukaupita kama hujauona. Nikavua viatu (soksi ina tundu, kidole gumba kinachungulia), nikazunguka sebule nzima nikimpa kila mtu mkono na pole, nikamwona mjane kwenye kochi, nikaketi chini kwenye zulia miguuni pake, peke yangu, wenzangu wote wamesimama na vikombe vya chai. Kisha nikamtilia noti kiganjani, nikamkunja vidole, kama tunavyotoa rambirambi. Akaifungua ile noti akaitazama, akanitazama mimi.

Mwanawe, jibaba lenye suti iliyombana, akainama akaniuliza kwa adabu, "Samahani, ulimfahamu vipi baba?"

Uongo ulinijia mwingi, lakini kudanganya msibani niliogopa. "Sikumfahamu," nikasema. "Nilikuja kumuuliza habari za kinu cha upepo."

Nilitamani ardhi inimeze, na zulia lake. Yule mwana akajifunika uso nikadhani amekasirika, kumbe anacheka, kisha hacheki tena. "Kinu," akasema. "Kila Krismasi alianza kutueleza habari za kinu, nasi tunaongeza sauti ya televisheni."

Mjane akauliza taratibu, "Kwani alisema kilikuwa wapi?"

Mwana akasema nyuma ya kanisa. Shangazi yake akasema hapana, ni upande wa reli, Stechford kule. Mwingine akasema alisikia juu ya kilima, au labda hicho kilikuwa kisa kingine. Wakabishana kidogo bila nguvu, kila mmoja ana kipande na vipande havikutani, mpaka wakaishiwa, halafu mmoja mmoja wakageuka wakanitazama mimi niliyekaa chini, mgeni nisiyemjua marehemu hata sura, kana kwamba labda mimi ningewaambia.

Mjane alinirudishia noti yangu, maandazi akayapokea.

Nimeapa sitaingia tena kwenye msiba wa Waingereza bila kualikwa, na darasani nilibadilisha mada. Ila Jumapili ile nilikwangua kadi ya simu nikampigia baba Tanga, naye kama kawaida akaanza kile kisa chake cha shamba la mkonge, ambacho siku zote huwa namkatiza nikisema hicho nakijua, baba. Nikamwambia asubiri kidogo nivute kiti, kisha aanze upya, polepole, na anitajie kila mahali kwa jina.