Buibui Ndani ya Utomvu

Juzi nilikuwa peke yangu katika nyumba yangu ya Sagana, ile ya ghorofa niliyojijengea bila kumaliza hata darasa la tano, nikaona kwenye televisheni mtafiti akionyesha buibui wa kale mwenye mkia. Alinaswa na utomvu wa mti, utomvu ukageuka jiwe, na sasa mtafiti anamchunguza ajue buibui walibadilikaje. Nikacheka. Mimi nilimwona wangu kijijini Endarasha, ingawa hakuwa na mkia, kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Siku hiyo mama aliniacha kwa cucu, nyanya yangu, akaenda kuchuma kahawa Mukurweini. "Kaa hapa, usisonge, nitarudi," aliniambia. Nikakaa chini ya mti wa mtarakwa uani. Utomvu wake ulinukia kama penseli inayochongwa, na ndani yake mlikuwa na buibui mdogo, ametulia kabisa. Nikadhani naye ameambiwa asisonge. Nikabana pumzi ili nimshinde.

"Wewe, umekuwa nguzo ya ua?" cucu aliita kutoka jikoni.

"Tunangoja mama zetu."

"Ati mnangoja? Huyo amekufa, kijana. Njoo ule."

Sikumwamini. Leo najua buibui yule hakuwa akimtii mtu. Utomvu ulimfunika akihangaika kutoka. Lakini siku hiyo nilikaa mpaka ukungu ukashuka kutoka mlimani na kondoo wakarudi wakilia. Cucu akaja, hakunigombeza. Alinipa uji katika kikombe cha mama, ambacho hakuna mwingine aliyekuwa akikigusa, nikajua mama hatakihitaji jioni hiyo.