Barua ya Kiti cha Babu

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa Juni ambayo naikumbuka kuliko sikukuu zote nilizowahi kula, na mwanangu, usicheke ninavyokuita mwanangu. Najua nina miaka kumi na saba na ndevu zangu ni tisa, nimezihesabu. Lakini wewe una kumi na mbili, na juzi nilipokuja kwenu nilimsikia mama yako akikwambia ukae kitako umsomee bibi yako barua. Nikasema moyoni, huyu naye ameshakabidhiwa kazi iliyonishinda mimi. Basi kwa jambo hili moja mimi ni mzee wako. Kwa mengine yote endelea kunidharau.

Unajua mwenyewe, kila nyumba yetu hapa London ina msomaji barua. Barua ya hospitali, ya kaunsili ya mtaa, ya umeme, zote zinasubiri mtoto arudi skuli. Watu wazima wako kazini, wazee macho yamechoka, na mtoto ana Kiingereza na hana kazi. Kwetu Kilburn msomaji nilikuwa mimi tangu nina miaka tisa. Babu Kiingereza anakijua, usidanganyike. Alikuja hapa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, akapakia mizigo uwanja wa ndege mpaka akastaafu, na ana Kiingereza cha kumtukana refa ambacho mimi bado sijafundishwa. Ila ana mtoto wa jicho, na herufi ndogo anaziona kama sisimizi wanaohama nyumba. Kwa hiyo alikuwa akinipa bahasha, anakaa wima, anasikiliza kama taarifa ya habari.

Sasa, Babu na mpira. Timu yake siitaji, maana nikiitaja nusu yenu mtaacha kusoma na nusu mtaanza kutucheka. Alipoanza kuishabikia ilikuwa timu ya watu wasio na kitu. Paa la bati lilivuja, na kiti kilikuwa ubao. Wakaja wenye pesa, wakaweka vioo na zulia, wakanunua wachezaji ambao mbwa wao wana vyumba vingi kuliko sisi. Tiketi ya msimu ikapanda kila mwaka, na Babu akawa anajinyima kila mwaka. Koti lake la baridi lina umri kunishinda.

Mimi nilikuwa simwachi. Nilimwambia, Babu, yule namba tisa akipiga chafya tu ameshapata pensheni yako ya mwaka, na jina lako halijui. Yeye akanijibu kwamba namba tisa angalau anapiga chafya kuelekea golini, kuliko mimi ambaye nikipewa mpira nauomba radhi.

Huo ndio ulikuwa utani wetu. Babu na mjukuu ni watani, hilo unalijua. Mjukuu ni mume wa bibi yake, kwa hiyo Babu alikuwa akiniita mume mwenzangu. Bibi alifariki nina miaka sita lakini cheo hakikunitoka, na tukawa tunagombana ni nani kati yetu alimpenda zaidi. Aliniambia lolote, nikamwambia lolote. Nilidhani hiyo ndiyo desturi yote, kwamba baina yetu hakuna lisilosemeka.

Asubuhi ya Jumamosi ile Babu alikuwa amewaambia wageni wa mama, mbele yangu, kwamba nilikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Ilikuwa la pili, lakini nani alinisikiliza. Nikawa namtafutia la kumlipa. Wageni walipoondoka ikaingia barua ya timu. Babu akaketi wima. Nikaifungua, nikapitisha macho ukurasa wa kwanza. Walikuwa wanasema jukwaa lake lote litavunjwa, pajengwe mahali pa wageni wa heshima, wale wanaotazama mpira huku wanakula kwa uma na kisu. Ukurasa wa pili sikuufunua. Shetani wangu alikuwa ameshaamka.

Nikasoma kwa sauti ya mtangazaji. Mheshimiwa Mzee Haji, sisi wenye timu tumekuona miaka yote hii ukivumilia vipigo vyetu, mvua na jua. Kwa hiyo mechi ya kwanza ya msimu utakuwa mgeni wetu, na mwenye timu kwa mkono wake atakumiminia chai. Hapo kwenye chai nilikuwa na hakika atanirushia kiatu.

Babu hakunirushia kitu. Alisema, "Soma tena hapo mwanzo."

Nikasoma tena. Tumekuona miaka yote hii. Akavua kofia, akajipapasa kichwa, akatazama dirishani ambako hapaonekani kitu ila ukuta wa jirani.

"Kumbe walikuwa wakiniona," akasema.

Mwanangu, hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini akaniwahi kwa swali: na Maiko naye wamemwandikia?

Maiko alikuwa jirani yake wa kiti. Fundi uashi wa Ayalandi, miaka thelathini na moja bega kwa bega na Babu. Mechi ikiangukia Ramadhani, Maiko alikuwa haigusi chai yake mpaka Babu afuturu. Babu alijua ni goti lipi la Maiko linauma, lakini hakujua anakaa mtaa gani, wala hawakuwahi kupeana namba ya simu. Za nini, na Jumamosi ipo.

Nikajibu kwamba Maiko naye kaandikiwa, bila shaka.

Barua nikaitia kwenye mkoba wa skuli. Nikajiambia nitasema usiku, kwenye chakula. Kumbe kabla ya chakula Babu ameshampigia dada yake Unguja, na dada yake ameshawaambia mtaa mzima. Ijumaa akawaambia wenzake msikitini. Kila aliyeambiwa akawa ni mtu mmoja zaidi ambaye ningelazimika kumwaibisha Babu mbele yake, na mimi, hodari wa maneno, nikawa bubu. Mama alipoomba kuiona barua nikamwambia ipo mahali. Nilikuwa natumaini Babu atasahau. Wazee husahau dawa, husahau miwani. Hili hakulisahau.

Siku ya mechi alivaa kanzu nyeupe, koti la buluu, kofia ya viua, na skafu ya timu juu yake. Mama akaniamuru nimsindikize. Nikapanga kusema njiani. Stesheni palikuwa na watu wengi. Ndani ya treni alikuwa ameketi na mikono magotini, ananieleza kwamba Maiko hajawahi kuvaa tai lakini leo atavaa, tuone tu. Nikasema nitasema tukishuka. Tukashuka.

Getini Babu akaweka kadi yake ya msimu kwenye mashine. Ikawaka nyekundu. Akaipangusa kwenye koti, akaiweka tena, nyekundu. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Kijana wa mlangoni akasema kwa upole kwamba kadi haifanyi kazi, twende ofisini. Babu akatabasamu, akamwambia amealikwa. Kisha akanigeukia.

"Mwoneshe barua, mume mwenzangu."

Nilikuwa nayo. Wiki zote zile ilikuwa ndani kabisa ya mkoba, imekunjamana, ina madoa ya ndizi. Ofisini mama mmoja mtu mzima akaipokea, akainyoosha mezani, akaisoma kwa sauti kama ilivyoandikwa, ukurasa wa kwanza na wa pili. Babu akasikiliza kwa Kiingereza chake mwenyewe, hakuhitaji msomaji. Jukwaa linavunjwa. Wastaafu wote watahamishiwa upande wa pili kwa bei yao ya zamani. Jaza fomu, na ukitaka kubaki na jirani yako wa siku zote, andika jina lake, naye aandike lako. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa umeshapita siku nyingi.

Yule mama akatafuta kwenye kompyuta. Akasema jirani yako alikuandika, bwana. Tulingoja fomu yako, haikuja, kiti tukampa mwingine. Babu akauliza Maiko anapatikana wapi. Akajibiwa kwamba habari za watu hazitolewi, na nilimwona yule mama kwamba angependa kuzitoa.

Babu akashukuru, tukatoka. Kelele za mechi kuanza zilitukuta barabarani. Kwenye treni nikaanza kulaumu, na kulaumu ninakuweza. Nikasema hawa ni wachuuzi, Babu, wamekutupa kwa ajili ya watu wa uma na kisu, wana pesa za kununua dunia na kiti kimoja kimewashinda. Nikasema sana. Akaniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Wenye pesa waliniandikia barua," akasema, "wakanipa na fomu. Aliyekaa na fomu ni wewe, Nassor."

Hakupandisha sauti. Hakunishtaki kwa mama, ilibidi nijishtaki mwenyewe, na mama naye hakunibakizia kitu. Lakini tangu siku hiyo Babu ananiita Nassor. Ni jina langu, silikatai, ndilo lililoko kwenye rejista ya skuli. Ila kwa mdomo wake ni jina la mtu aliyekuja kusoma mita.

Nikaamua kumtafuta Maiko. Kila mechi ya nyumbani nikawa nasimama nje ya mlango wa wastaafu wakati wa kutoka, namuuliza kila mzee mwenye lafudhi ya Ayalandi kama ndiye Maiko. Nilipata Maiko watatu, wote si yeye, mmoja akanihutubia dakika ishirini kuhusu kiungo wa kati. Mvua ilinikuta, baridi ilinikuta. Na mwanangu, nikiwa pale nikaona kitu nilichokuwa sikijui nilipokuwa nahesabu mishahara ya wachezaji. Wazee walikuwa wakitoka wawili wawili, watatu watatu, mmoja kamshika mwenzake kiwiko, wanabishana kuhusu kona ambayo haikuwa kona. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mwenye timu.

Mwezi wa Februari mwanamke mmoja aliyesikia habari zangu kwa wale wazee akanijia, akaniuliza kama mimi ndiye kijana anayemtafuta baba yake. Alikuwa binti wa Maiko. Akanieleza kwamba mzee wake alikuja mechi mbili tu, akamkuta mgeni kwenye kiti cha Babu, akasema hana nguvu tena za kuja. Krismasi dada wa mzee huyo akamchukua, sasa anakaa Ayalandi na harudi. "Alidhani babu yako amekufa," akasema. "Alimwashia mshumaa kanisani."

Nilimpelekea Babu habari hiyo na namba ya simu kwenye kikaratasi. Aliposikia habari ya mshumaa akauliza kama bado unawaka. Nikadhani mambo yameanza kutengenea. Nikampigia, nikamshikisha simu, nikakaa karibu kama mtu aliyeleta zawadi.

Waliulizana afya. Babu akauliza goti. Akaulizwa mvua ya London, akasema ipo. Kisha wakanyamaza. Miaka thelathini na moja walikuwa wakizungumza huku wanatazama mbele, mpira ukiwapa la kusema, na ukikosa kuwapa walikuwa wakinyamaza bega kwa bega na ilitosha. Kwenye simu kunyamaza hakukutosha. Nilisikia pumzi za mzee wa watu huko Ayalandi. Mwisho Babu akamuaga kama alivyomzoea siku zote, akasema haya bwana, tuonane Jumamosi. Akabaki ameshika simu, haiweki chini.

Siku ya Idi aliniambia amenisamehe, na najua ni kweli, ukiondoa lile darasa la tatu, Babu hasemi uongo hata kwa utani. Timu yake hajaiacha, anaisikiliza redioni kila Jumamosi na anamtukana refa kama kawaida, ila anamtukana peke yake. Barua sasa anasomewa na mdogo wangu Salma, anayesoma kama polisi, mpaka anwani na stempu.

Sasa basi, mwanangu, nililokuitia ni hili. Bibi yako anapokupa bahasha, anakupa macho yake. Msomee yaliyomo, yote, hata yakiwa mabaya, hata yakiwa marefu, na ukurasa ufunue. Utani na wazee wako ufanye, usiuache, wataumia ukiuacha. Mtanie kwa meno yake, kwa kukoroma kwake, kwa mtu ampendaye. Lakini usimtungie furaha ambayo huna uwezo wa kumpa. Na ikikuponyoka, kiri dakika ile ile, kabla hajaingia kwenye simu, maana saa moja baadaye itakuwa ngumu na wiki moja baadaye itakuwa haiwezekani. Na ukimkuta mtu mzima ameng'ang'ania timu ya mabilionea wasiomjua, usimsomee hesabu zao, anazijua kuliko wewe, yeye ndiye anayelipa. Muulize tu anakaa karibu na nani, na uiandike namba ya simu ya huyo mtu.

Mungu akupe macho mazuri na ulimi mwepesi wa kukiri. Akuwekee wazee wako mpaka uwachoshe. Na akujaalie siku zote aliyekaa pembeni yako umjue anakaa wapi. Amin.