Mistari Minne

Oili ya breki ina harufu yake. Ni kali, ina shombo kidogo, na ukishaigusa haitoki kwa sabuni ya unga wala kwa ndimu. Mimi naijua tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Ndiyo iliyokuwa kwenye vidole vyangu siku niliyompigia kelele Fundi Sudi katikati ya gereji yake hapa Nachingwea, mtoto mgongoni, na bodaboda wa pale nje wakaacha kuita abiria ili wasikilize vizuri.

Nilikuwa nimempelekea gari letu, lile dogo jeupe aliloniachia marehemu baba, atengeneze breki. Sikulipeleka kwa ajili yangu. Mdogo wangu Somoe ametimiza miaka kumi na minane na leseni kapata, na mimi na huyu mtoto mchanga siwezi safari ya Ruangwa kila wiki. Kwa hiyo Somoe ndiye atakayekuwa anampeleka mama shambani Likunja. Nilimwambia fundi waziwazi: "Atakayeendesha ni mtoto. Usinifiche kitu." Akasema hamna noma, dada.

Siku ya kulichukua nikalitoa mpaka pale penye mchanga, nikaliendesha polepole, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikashuka kuangalia nyuma. Mistari mitatu. Matairi matatu yalikuwa yameburuzwa yakachora mchanga. La nne, la mbele kushoto, lilikuwa limezunguka tu na kupita, limeacha alama za kashata zake, yale mafundo ya mpira, safi kama mhuri. Nikaingiza mkono nyuma ya lile tairi, vidole vikaifuata paipu ya breki, vikafika mahali ilipokunjwa na kupondwa kwa nyundo. Badala ya kutafuta panapovuja, ameua breki ya tairi zima.

"Mbona umeziba?" nikamuuliza.

Sudi alikuwa anajifuta mikono. Hakuniangalia. "Dada, haya mambo ya kiufundi nitaongea na shemeji. Kwani gari si linatembea?"

Shemeji anayemsema ni mume wangu, ambaye hata boneti hajui inafunguliwa wapi. Lakini hilo nimeshalizoea. Kilichonipandisha ni lile neno, linatembea.

"Nani alikufundisha kuziba?"

"Mafundi wote tunaziba, dada. Mimi nimejifunza kwa Fundi Pampu, Ruangwa. Mzee yule kaziba miaka yote na hajalalamikiwa hata siku moja!"

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nyinyi mnaosoma mnaweza kudhani nilikuwa nampigia Sudi. Ngoja niwaambie nilikuwa nampigia nani.

Baba yangu alikuwa mpimaji wa korosho kwenye ghala la chama cha msingi. Lile gari alilinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa, likiwa limeshachoka: mlango wa nyuma unafunguka kwa nje tu, viti vimechanika, na ndani kunanuka magunia na plastiki iliyopigwa jua. Majirani wakaja kulitazama, na kila mmoja akauliza swali lilelile, "Linatembea?" Baba akawa anajibu, "Linasimama." Wakacheka wakidhani mzee anatania. Hakuwa anatania. Mtu aliyeshinda miaka mbele ya mizani hawezi kukubali neno lolote mpaka aone mshale umetulia.

Nilipofika kidato cha tatu akaanza kunifundisha, kwenye tuta la reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wazungu wa mradi wa karanga enzi za ukoloni, wakaja kuing'oa. Tulikuwa mabinti watupu nyumbani, na mimi ndiye mkubwa. Baba mdogo, mdogo wake baba, hakuipenda habari ile. Alikuja na pikipiki yake, akasimama palepale njiani, akasema, "Kaka, huyu binti unamfundisha udereva akaendeshe nini? Mume?"

"Akimpata mbovu atamtengeneza," baba akamjibu, na hapohapo akanigeukia: "Wewe, gia ya pili, unasubiri nini?"

Kwa baba, kuendesha kulikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa kabla ya funguo. Kila Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, nilifungua boneti kwa fimbo ya kuegemezea. Nikaangalia maji ya rejeta injini ikiwa ya baridi. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwa kipande cha khanga ya mama iliyozeeka, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Nikamwagia maji ya moto ule ukungu mweupe kwenye betri. Upepo, spea, jeki. Halafu nikalala chali na kupitisha kidole kwenye paipu ya breki, tairi kwa tairi, nikitafuta ute. Mwisho tunakwenda kwenye mchanga, nakanyaga breki, nashuka kuhesabu. Yeye habanduki kwenye kiti. Anauliza kupitia dirishani: "Mingapi?"

"Minne, baba."

"Haya, twende."

Nilikuwa nachukia! Wenzangu Jumamosi wanasukana, mimi nina vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Sasa, kulikuwa na harusi Likunja, ya binti wa shangazi. Tuliondoka mimi na baba, wengine walishatangulia. Nilikuwa na gauni jipya la rangi ya zambarau, na hina imepanda hadi vifundoni, imekolea kwelikweli, nimeikalia na mikono juu kutwa nzima. Karibu na Ruangwa baba akaona oili ya breki inashuka, tukaingia kwa Fundi Pampu. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akimwambia kila mteja, "Pampu tu, breki itakamata." Hakuchukua hata nusu saa. "Tayari mzee, linatembea."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Baba akaelekea msikitini, akanirushia funguo. "Kagua."

Nikaitazama mikono yangu. Nikalitazama lile gauni. Nikakaa kivulini na karanga zangu za kukaanga, nikala taratibu, na fundi alikuwa ananiona. Baba aliporudi akauliza, "Mingapi?"

"Minne."

Uongo ulinitoka kirahisi kama kumeza mate. Baba akaingia upande wa abiria. Alikuwa ameniahidi kwamba kuanzia Ruangwa, barabara ikiwa nyeupe, nitaendesha mimi.

Kwenye mteremko wa kwanza mbuzi wakavuka. Nikakanyaga breki kama nilivyofundishwa, na gari likanyakua usukani mikononi mwangu, likavuta kulia, likavuka barabara nzima na kuingia kwenye shamba la ufuta. Ufuta ulikuwa umeshakatwa, umefungwa vitita na kusimamishwa ukauke. Wanaoujua wanajua kwamba ukifika hapo hata kuku akiugusa unamwagika. Tuliangusha safu nzima. Mbegu zikanyesha juu ya boneti, sauti yake kama mvua ya rasharasha, kisha kimya. Injini ilikuwa imezima. Hakuna aliyeumia, si sisi, si mbuzi. Lakini ingekuwa lori linakuja upande ule, msingekuwa mnasoma maneno haya.

Akatokea bibi mwenye shamba, ungo kichwani, akatusemesha Kimwera mfululizo mpaka pumzi ikamwishia, akamalizia kwa Kiswahili ili tusije tukasema hatukuelewa: "Mnaendesha gari nyie au mnaswaga ng'ombe?"

Baba alimwamkia kwa heshima zote, akamwomba radhi, halafu akaniambia, "Ingia chini." Na gauni langu. Nikaingia. Nikapitisha kidole, la nyuma kushoto, la nyuma kulia, la mbele kulia, na la mbele kushoto nikakuta paipu imekunjwa na kupondwa kama mkia wa tyubu ya dawa ya meno. Baba naye aliinama, akaona. Tulishinda pale kwa magoti tunapepeta ufuta kutoka kwenye mchanga, mimi, baba na yule bibi, hina yangu imelowa oili, na kwa mbali tunasikia ngoma ya harusi tusiyoifikia. Bibi alilainika ilipofika alasiri. Akasema binti huyu anapepeta vizuri kuliko anavyoendesha.

Baba mdogo alikuja kututafuta na pikipiki, tukarudi naye hadi kwa Fundi Pampu, gari likienda mwendo wa kobe. Njia nzima nilikuwa nangoja baba alipuke. Nilitaka amchane yule fundi mbele za watu. Baba akaanza, "Umeziba paipu bila kuniambia."

Pampu hakutetereka. "Mzee, si ulimwachia binti yako hapa akague? Mwulize. Alikagua nini?"

Baba mdogo akanigeukia taratibu. Uso wake ulikuwa umeshaanza kufurahi. Nilikuwa najua kinachokuja: funguo ndiyo basi tena, na kila binti wa ukoo atakayetaka jambo ataambiwa habari zangu.

Baba akasema, "Nilikagua mwenyewe. Sikuiona."

"Macho hayo, mzee," Pampu akacheka. "Uzee huo!"

Baba mdogo akacheka naye. Baba akasema haya, yaishe. Yakaisha. Paipu ilibadilishwa kwa fundi mwingine, nasi tukarudi Nachingwea.

Nilimdharau baba yangu kwa siku zile, siwafichi. Nikaona kumbe mkali wa mizani anaogopa fundi. Jumamosi iliyofuata nilibaki ndani nikijua hataniita. Akaniita. Nikakagua kila kitu mara mbili, tukaenda kwenye mchanga, nikakanyaga, nikashuka. Aliuliza kwa sauti ileile, bila kuongeza neno, "Mingapi?" Nikatembea na kugusa kila mstari kwa kidole kabla ya kumjibu. Tangu siku hiyo sijawahi kutamka minne bila kuiona.

Nimekuja kuelewa nikiwa na watoto. Baba hakumwogopa Pampu. Alikuwa na malalamiko halali mkononi, lakini ili ayapeleke ilikuwa lazima uongo wangu utoke nayo, na ukitoka ninyang'anywe usukani. Akaamua aonekane kipofu mbele ya mdogo wake ili mimi nibaki dereva. Na hapo ndipo panaponiuma. Pampu akaendelea kuziba. Akafundisha vijana wake kuziba. Miaka yote hiyo hajalalamikiwa hata siku moja, na mlalamikaji wa kwanza alinyamazishwa na mimi, kwa sababu ya hina.

Kwa hiyo siku ile gerejini, zile kelele nusu zilikuwa zangu mwenyewe. Nilipomaliza nikamwita Somoe kwa simu, nikamwonyesha alama pale mchangani kabla upepo haujazifuta. Akahesabu mwenyewe. Kisha nikaenda ofisi ya kata. Karani akaniambia, "Mama, yamalizeni tu, fundi mwenyewe si ni mtu wetu?" Nikamwambia kuna mtu aliyamaliza hivyo zamani, na ndiyo maana niko hapa. Akauliza mwenye gari ni nani. Nikasema unamwona. Akanipa karatasi. Nimeandika palepale, mtoto ananyonya, na nakala ninayo:

Kwa Mtendaji wa Kata.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FUNDI WA MAGARI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Zuhura, mkazi wa Nachingwea. Fundi Sudi ameziba paipu ya breki ya tairi la mbele kushoto la gari langu bila kunijulisha, akijua kwamba dereva wake ni binti wa miaka kumi na minane na abiria wake ni mama yetu mzazi. Nilipomuuliza alisema ataongea na mume wangu. Mume wangu hana gari. Vilevile amekiri kwamba alifundishwa kufanya hivyo na kwamba ndivyo anavyowafanyia wateja wengine.

Naomba aitwe mbele ya ofisi yako, arudishe breki kama inavyotakiwa, na ataje magari yote aliyoyaziba ili wenyewe waambiwe.

Naleta pia kosa langu. Nikiwa na miaka kumi na saba nilisema nimekagua gari lililozibwa hivihivi na fundi aliyemfundisha huyu, na sikuwa nimekagua. Baba yangu alinyamaza kwa ajili yangu. Sasa hayupo, na mimi sinyamazi.

Fundi atakuambia gari linatembea. Ni kweli linatembea. Naomba umpeleke kwenye mchanga, akanyage breki, ashuke, na umuulize mingapi.

Zuhura,
Mwenye gari.