Waliokubali Badala Yangu

Binti wa dada yangu anasomea unesi. Wiki iliyopita alikuja kwangu na somo lake la utafiti, akitaka nimsikilize akilisoma aone kama amelishika. Akasoma kwamba mgonjwa aulizwe kabla ya kuingizwa kwenye utafiti. Aelezwe kwa lugha anayoielewa. Asilazimishwe. Akitaka kutoka atoke, na matibabu yake yasipungue. Asiumizwe ili watu wengine wapate kujua jambo. Nikamwuliza haya yanafundishwa kwa muda gani. Akasema muhula mzima. Nikacheka. Watu wazima, waliozaliwa na mama kama sisi, wanahitaji muhula mzima kufundishwa kwamba mtu huulizwa.

Basi na mimi niliyeishia darasa la pili nitaandika yangu. Majina sitayataja. Vyeo nitavitaja, na wakisoma watajijua. Walikuwa wanne: memsahib wangu, sista wa wodi, dresa, na mume wangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nafua na kupiga pasi katika nyumba moja ya Wazungu huko Lavington, Nairobi. Memsahib alitaka mashati ya bwana yasimame kama mbao, kwa hiyo kila Jumatatu nilichemsha sufuria ya wanga. Jumatatu moja mbwa wao alipita katikati ya miguu yangu, sufuria ikapinduka juu ya mkono wangu wa kulia. Wanga si kama maji. Maji hukuunguza yakateremka, wanga hukuganda. Memsahib alimkagua mbwa kwanza. Kisha akanipaka siagi, akaniketisha nyuma ya gari juu ya gunia nisije nikachafua kiti, tukaenda hospitali mjini.

Sista aliyesimamia wodi ya wanawake alikuwa rafiki yake wa tenisi. Walizungumza mlangoni kwa Kizungu, mimi nimesimama pale na mkono unaochuruzika. Nilichoelewa ni ile ishara ya memsahib ya kupunga vidole, aliyokuwa akimpa mpishi akiulizwa kama mabaki ya nyama apewe mbwa. Baadaye alinieleza mwenyewe, tena kwa kujisifu, kwamba alimwambia sista mimi ni mtu mzuri nisiye na kelele, anitumie tu. Huyo ndiye wa kwanza kukubali.

Wodi ilikuwa na safu mbili za vitanda, moja dirishani na moja ukutani. Sista alikuwa na swali lake. Je, vidonda vya moto ni lazima vifunguliwe na kuoshwa kila asubuhi, au vyaweza kufungwa na kuachwa hivyo hivyo siku nyingi, manesi wapate nafasi ya kazi nyingine? Swali lenyewe si baya. Hata mimi ningependa kujua jibu lake, kwa mkono wa mtu mwingine. Wa dirishani wakawa wanafunguliwa kila asubuhi. Sisi wa ukutani tukafungwa bendeji nene, tukaachwa.

Siku ya kufungwa, sista alipita kitanda kwa kitanda akitafsiriwa na dresa, yaani yule mfunga vidonda Mwafrika. Hapa ni lazima nieleze. Dresa huyo alikuwa Mluhya kama mimi, mtu wa ukoo wa mume wangu, rika la baba yake. Kwangu mimi basi alikuwa baba mkwe. Kwetu mke hamtazami baba mkwe machoni, hamshiki mkono, na hamwambii hapana usoni pake. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Na heshima hiyo ni ya pande zote mbili: baba mkwe naye humwepuka mke wa mwanawe, hamweki mahali pa kumjibu. Dresa alitakiwa kumwambia sista maneno machache tu, kwamba huyu ni mke wa mwanangu, tafuta mtu mwingine amwulize. Manesi Waafrika walikuwepo pale pale.

Hakusema. Alisimama kando ya kitanda changu na koti lake jeupe, kalamu zimepangwa mfukoni zionekane, akatangaza kwamba sista ameleta namna mpya ya kutunza vidonda, asiyetaka aseme. Hakutaja safu mbili. Hakutaja kwamba bendeji haitafunguliwa. Nikainamisha macho nikanyamaza, kama mke yeyote wa kwetu angefanya. Akamgeukia sista akamwambia nimekubali. Sista hakujua ukimya ule ni wa nini, wala hakujisumbua kuuliza. Dresa alijua. Ndiyo maana sista namdharau kama mtu mvivu, lakini dresa namdharau kama mtu anayeiba sadaka.

Baada ya siku chache mkono ulianza kuvuta, kisha kuwasha, kisha kunuka. Kwenye kitanda cha pili kutoka kwangu alilala mama mmoja Mkamba aliyeungua mguu kwa mafuta ya mandazi.

"Mwenzangu," akaniuliza, "harufu hii ni yako au ni yangu?"

Nikamwambia ni yetu.

"Basi tumwite sista atugawie, kila mtu achukue yake."

Tulicheka, lakini huku nacheka nilikuwa najaribu kusogeza vidole ndani ya bendeji, na viwili vya mwisho havikuitika. Mkono ule ndio uliokuwa unanilisha. Usipoweza kukamua shuka huna kazi, na usipokuwa na kazi huna chumba Nairobi. Ni kurudi nyumbani ukashike jembe kwa mkono mmoja. Niliwaambia manesi. Wakasema safu ya ukutani haiguswi mpaka sista aseme.

Jumapili mume wangu alikuja kunitazama na ndizi. Alikuwa mtunza bustani huko Westlands. Nikamtuma kwa dresa, maana yeye ndiye mtu wa tatu wa halali: aseme mke wangu hataki, afunguliwe. Akaenda. Nilimwona mlangoni akivua kofia. Aliporudi pumzi yake ilinuka chai ya maziwa. Akasema mzee amempokea vizuri sana, ameuliza habari za nyumbani, na amesema tuvumilie. Nikamwuliza kama alilitamka neno nililompa. Akasema haikuwa nafasi nzuri. Akala ndizi mbili kati ya zile alizoniletea, akaenda zake.

Siku moja sista akaleta wageni, Wazungu watatu wanne, awaonyeshe safu zake. Walipofika kwangu mmoja akauliza jambo, na dresa akajibu bila hata kunitupia jicho. Nilijua amejibu kwamba sina maumivu, kwa sababu mgeni alitabasamu. Uvumilivu ukaniishia hapo. Nikainua macho nikamkazia dresa mpaka akatazama pembeni. Kisha nikamwacha, nikasema na sista mwenyewe kwa Kiswahili cha jikoni, kile ambacho Wazungu wote wa Nairobi walikijua vizuri walipotaka chai.

"Sista, mimi hapana taka hii. Fungua."

"Lakini wewe nakubali."

"Nani nasema mimi nakubali?"

Akamwelekezea dresa kidole.

"Yeye nasema. Mimi nyamaza," nikamwambia. "Wewe iko mdomo, mimi iko mdomo. Kwa nini wewe hapana uliza mimi?"

Dresa akaninong'oneza kwa lugha yetu, "Mke wa mwanangu, unaniaibisha mbele ya watu."

Nikanyoosha mkono ule unaonuka nikamwekea kifuani, juu ya koti jeupe na kalamu zake. Akaruka nyuma akagonga kitoroli cha dawa.

"Mwongeze," akasema yule mama Mkamba. "Hata mguu wangu upo."

Sista hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinieleza kwa upole kwamba siku za bendeji hazijatimia, nikifunguliwa mimi hesabu ya safu ya ukutani itaharibika, ningoje kidogo tu. Aliniomba kama mtu anayeazima kiti kwa jirani. Nikauma fundo la bendeji kwa meno nikaanza kufungua mwenyewe. Wageni wakaenda kutazama nje ya dirisha.

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana na kukunjamana kuelekea kiganjani, na ndivyo vilivyo mpaka leo. Vitatu vilipona, kwa sababu kuanzia siku ile nesi aliniosha kila asubuhi. Mama Mkamba naye akadai afunguliwe, akafunguliwa. Wengine wa ukutani waliendelea kunyamaza, na sikujua waliishia vipi. Memsahib alikuwa ameshaandika mfuaji mwingine.

Mwisho wa mwaka tulipokwenda nyumbani, nilikuta dresa ametangulia na mashtaka yake: nimemgusa baba mkwe mbele ya Wazungu. Wazee wakasema nipeleke kuku wa kuomba radhi. Nikawatumia jibu kwamba sitapeleka hata unyoya mpaka yeye asimame mbele yao aeleze alichomwambia sista. Hakusimama. Lakini asubuhi moja nilikosa tetea wangu mweusi. Mume wangu alikuwa amempeleka, akasema kwamba nimejuta, nimekubali kosa, ila naona haya kuja mwenyewe.

Nilikwenda hadi bomani kwa dresa. Alikuwa ameketi nje na wageni. Kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya ghala. Sikumsalimu mtu. Nilimfungua kuku, nikamshika miguu kwa mkono wa kulia, na vile vidole vitatu vikakaza barabara. Nikamwambia dresa, macho kwa macho, "Mimi sijakubali kitu. Aliyekubali ni mwanao. Mfunge yeye hapo kwenye nguzo."

Nilimchinja kuku jioni ile ile nikala na watoto. Mume wangu aliketi mlangoni akingoja firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwenye nyumba. Niliila mimi.