Mashine ya Maji na Kaburi la Mama

Mama alipofariki aliacha shamba la mdalasini, kuku wasiosikia la mtu, na gunia la vigae vyeupe chini ya kitanda chake. Vigae alipewa na masista wa misheni ya jirani walipomaliza kujenga jiko lao, kwa sababu miaka nenda miaka rudi yeye ndiye aliyewapelekea kabichi na karoti, mzigo kichwani, kwenye njia ambayo mbuzi mwenyewe huifikiria mara mbili kabla ya kuikanyaga. Akasema mbele ya kaka yake, yaani mjomba wetu, kwamba siku yake ikifika kaburi lake livalishwe vigae vile.

“Maisha yote nimefagia vumbi,” alisema. “Huko nako nikafagie vumbi?”

Hilo lilikuwa agizo, na agizo la marehemu halijadiliwi. Lakini lilikuja na jambo jingine nyuma yake, ambalo sisi wote tulilijua na hakuna aliyelitaja.

Kwetu, huko milimani juu ya Kinole, ardhi ni ya ukoo wa mama. Nyumba tuliyozaliwa, mgomba, mnanasi, mpaka jiwe la kunolea panga, vyote vilikuwa vya ukoo wake, na mimi na dada zangu tulikuwa wa ukoo huo huo. Baba ndiye aliyekuwa mgeni. Aliingia pale kijana, akalima mpaka mgongo ukapinda, lakini alibaki mkwe. Na desturi ya ukoo wetu ni kwamba mke akifa, mume anabaki mpaka kaburi lijengwe na matanga yaanuliwe. Siku hiyo mjomba anamshukuru mbele ya watu, anamkabidhi jembe jipya, na mjane yule wa kiume anarudi kwa watu wake. Watu wa baba walikuwa ng’ambo ya bonde, kwenye kilima cha pili. Ndugu zake wote walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuwa vijukuu ambao wangemwamkia shikamoo kwanza, ndipo waulizane pembeni huyu mzee ni nani.

Kwa hiyo kila kigae ambacho kingepachikwa kwenye kaburi la mama kingemsogeza baba hatua moja kuelekea mlangoni. Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama.

Mimi wakati huo nilikuwa mfanyakazi wa kiwandani Morogoro mjini na mhitimu wa masomo ya jioni. Cheti changu nilikitundika ukutani mahali ambapo hata mjusi alilazimika kukisoma akipita. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa ambayo dukani ulikuta muuza duka na rafu zake, basi. Saruji ilipatikana kwa kibali, na kigae kipya usingekipata hata kwa maombi ya siku tisa. Vigae vya mama vilitosha kaburi bila ziada. Kimoja kikivunjika kwenye kukata, mama angelala na kiraka.

Karakana ya kiwanda ilikuwa upande wa Msamvu, na ndani yake kulikuwa na mashine mbili za kukatia vigae. Msimamizi aliniruhusu kuazima moja tu. Fundi aliyezitumia alikuwa mtani wetu, mtu wa ukoo ule ambao tunataniana nao tangu enzi za mababu. Mtani kwetu ndiye mchimba kaburi, ndiye mpishi wa msibani, na ndiye pekee mwenye ruhusa ya kumcheka mfiwa machoni. Nilimpelekea kipande cha kigae kilichovunjika zamani ili tuzijaribu zote mbili.

“Leo umekuja kazini au kuomba?” akaniuliza.

“Nimekuja kuchagua mashine ya kaburi la mama.”

“Pole, mtani. Ungeniletea na kaburi lenyewe nilipime, maana wewe na hesabu mlikosana tangu utotoni.”

Ya kwanza ilikuwa msumeno mdogo wa mkononi, wenye mota. Ungeweza kuutia kwenye kikapu ukapanda nao mlima unapiga mluzi. Alipouwasha ulinguruma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, vumbi likatufanya weupe mpaka kope, na kigae kikawa vipande viwili kabla sijamaliza kupiga chafya moja. Lakini ukingo wake ulikuwa umemeguka-meguka, na alipojaribu kukata kona, kigae kikapasuka.

Ya pili ilikuwa mashine ya maji. Hii ilikuwa meza ya chuma yenye beseni chini yake na diski katikati, nzito kuliko dhambi za wilaya nzima. Pampu yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo mtu alipaswa kusimama pembeni na kopo akiimwagia diski maji ili isipate moto. Ilikwenda taratibu, taratibu mno. Lakini haikutoa vumbi, na ukingo ulitoka laini, unaweza kumpitishia mtoto mchanga shavuni. Kona nayo ilikatika sawasawa bila ufa.

“Ukitaka wepesi, chukua ndogo,” mtani akasema akijifuta uso. “Ukitaka vigae vyako virudi vizima, chukua ya maji. Ila huko kwenu mtaibebaje, mtani? Mtaifundisha kutembea?”

Jumamosi nilipanda nyumbani kutoa taarifa. Tulikaa barazani, baba kwenye kigoda chake karibu na mlango, mjomba kwenye kiti. Nikaeleza mashine zote mbili kwa mapana, kwa lugha ya darasani, na mikono yangu ikisaidia pale lugha ilipochoka.

Mjomba hakuwa na shida ya kuchagua. “Chukua hiyo ya kikapuni. Masika yanakaribia. Padri ameshaulizwa habari ya misa. Tumalize.”

Baba akainua uso. “Ipi inachelewa?”

“Shemeji,” mjomba akasema polepole, “watu huuliza ipi inawahi.”

“Mimi nimeuliza inayochelewa.”

Kuku mmoja alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Mjomba alitazama mikono yake. Sikuona la kumlaumu, maana naye alikuwa mlinzi wa ukoo, si mwenye ukoo. Nyuma yake kulikuwa na wajukuu wa kike wa ukoo walioolewa na waliotaka kujenga, na kila kikao waliuliza nyumba ile itakuwa ya nani. Alikuwa amekula kwa baba yangu maisha yake yote. Najua hakulipenda jembe lile.

“Ya maji, baba,” nikajibu. “Ya maji ndiyo inayochelewa.”

“Basi mama yenu akatiwe kwa ya maji.”

Nikaona ni wakati wa elimu kufanya kazi. Nikaitetea mashine ya maji kwa sayansi yote niliyofundishwa jioni, na nilipofika mwisho wa sayansi niliendelea mbele peke yangu. Nikasema msuguano huzaa joto, joto huzaa ufa, na ufa huzaa aibu ya ukoo. Nikasema huko ng’ambo hakuna kaburi la mtu wa maana linalokatiwa vigae vikavu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho.

“Masomo ya jioni haya,” akasema, “ni vizuri yalifanyika gizani.” Halafu akamgeukia baba. “Haya, shemeji. Iwe ya maji. Lakini siku itakapomaliza, imemaliza.”

“Imemaliza,” baba akaitikia.

Lori la kiwanda lilitufikisha Mkuyuni, na trekta la kijiji likatusogeza mpaka Kinole. Kutoka hapo ilikuwa miguu. Balozi wa nyumba kumi alitupatia vijana, nao wakaifunga mashine kwenye miti miwili na kuifunika kwa shuka jeupe ili udongo usiingie kwenye mota. Hilo lilikuwa kosa. Kila tulikopita, waliokuwa mashambani waliweka majembe chini, wanaume wakavua kofia, na kina mama wakaanza kulia. Watatu waliungana nasi wakiuliza safari hii ni nani. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Mwisho niliacha kueleza, tukapanda na waombolezaji wetu mpaka misheni, na huko walipewa chai.

Tuliifunga mashine kwenye ua wa masista kwa sababu wao ndio waliokuwa na jenereta. Kaburi lilikuwa upande wa juu, mwendo mfupi. Mtani wetu, aliyeomba likizo ili afanye kazi hii, alipima kaburini kwa kamba ya mkonge, akashuka kukata, akapanda kupachika. Baba alijichagulia kazi ya maji.

Bomba la masista lilikuwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Baba hakuligusa. Alichukua debe lake akateremka mpaka kijito alichokuwa akichota mama, akarudi amelishika kwa mikono miwili, na sisi tukamngoja huku dizeli ya misheni ikiungua. Kisha akasimama kando ya diski na kopo, akamwaga maji kidogo kidogo, kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Kopo likiisha, aliteremka tena. Mtani, ambaye mjini nilimwona akimfokea hata msimamizi, hakumhimiza. Alikaa juu ya ndoo akamngoja.

“Mzee,” alimwambia mara moja tu, “maji ya kijito yana nini ambacho ya bomba hayana?”

“Yana umbali,” baba akajibu.

Kazi ambayo msumeno mdogo ungeimaliza kabla ya chakula cha mchana iliingia wiki ya pili. Kaburi likawa jeupe pande zote, na hakuna kigae kilichopasuka. Kikabaki kimoja, cha chini ya msalaba, ambacho kilipaswa kukatwa kona ili kiukumbatie mguu wake. Misa ilikuwa kesho yake. Mjomba alikuwa ameshafika, na jembe, jipya na mpini wake, aliliegemeza kwenye ukuta wa misheni. Nilimwona baba akilitazama mara moja, kisha akalishika debe.

Mtani alikata kigae kile taratibu kuliko vyote. Kilipotoka alikifuta kwa shati lake, akakiinua watu wakione. Kona ilikuwa safi kabisa. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Ahsante, mtani. Kapachike.”

Mtani akakifunga kwenye kitambaa na kukitia kwenye mfuko wake wa zana.

“Hiki changu.”

Watu wakacheka. Mtani kuchukua kitu msibani ni haki yake. Atabeba kuku, atabeba sufuria, na mwenye msiba hana ruhusa ya kununa. Atakikomboa kwa anachotaka mtani. Mjomba naye akacheka, akauliza, “Haya, unataka nini? Jogoo?”

“Jogoo wenu nimeshamwona. Amekonda kama shemeji zenu.”

“Sema basi, padri anakuja kesho.”

“Nataka togwa,” mtani akasema. “Na nimkute huyu mzee wa maji kwenye baraza ile ile, anipe kwa mkono wake. Nikishiba, nitarudisha. Ila mimi, mtani, sishibi upesi. Na siku nikija nikamkosa pale, kigae nitakitupa mtoni, dada yako alale na tundu.”

Kicheko kikakatika. Jenereta ilikuwa bado inaunguruma, kisha mtu akaizima, na tukasikia maji yakidondoka kutoka kwenye mashine.

“Mtani,” mjomba akasema, “unajua unachokifanya?”

“Najua. Nakuibia.”

Nafikiri mjomba alipitisha ukoo mzima kichwani, mmoja mmoja, akitafuta nani angeweza kumlaumu kwa wizi wa mtani. Hakumpata. Alikwenda ukutani, akalichukua jembe, akaliweka begani.

“Kaburi halijaisha,” akawatangazia watu. “Misa itasomwa. Lakini kaburi ambalo halijaisha, matanga yake hayaanuliwi.”

Kisha akamwambia baba bila kumtazama, “Shemeji, rudi nyumbani. Umelowa.”

Baba aliishi kwenye nyumba ile mpaka mwisho wake. Wajukuu wa kike wakajenga upande wa chini, wakamletea ndizi na kumgombeza kama baba yao wa kumzaa. Mtani alikuja kila likizo. Alikaa barazani, akapewa togwa kwa mkono wa baba, akanywa mpaka mwisho wa kibuyu.

“Umeshiba, mtani?” mjomba alimuuliza kila alipomkuta.

“Bado. Togwa ya leo ina maji mengi.”

Baba alipofariki tulimpeleka kwa watu wake ng’ambo ya bonde, maana hilo halina mtani wala mjanja: mtu huzikwa kwenye ardhi ya mama yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Watani walichimba. Tulipomaliza kufukia, mtani akafungua mfuko wa zana akatoa kile kitambaa. Kigae kilikuwa cheupe vile vile. Mjomba, ambaye sasa alitembelea fimbo, akaomba akishike, akakipapasa ile kona kwa kidole gumba.

“Hiki ni cha dada yangu,” akasema.

“Ndiyo, mtani. Leo nimeshiba. Amua wewe.”

Mjomba akakitazama kilima chetu ng’ambo ya pili, ambako mvua ilikuwa imefunika kila kitu. Akamrudishia. “Kiweke hapa. Yeye anavyo vingi.”

Mtani akakoroga saruji kidogo aliyokuja nayo kwenye kopo, akakilaza kwenye kichwa cha kaburi la udongo, kigae kimoja peke yake, na ile kona iliyokatwa akaielekeza upande wa bonde.

“Umekipindisha,” nikamwambia.

“Sijakipindisha,” akasema, akifuta saruji ukingoni kwa shati lake. “Kinatazama nyumbani.”