Kidonge Alichokiacha Kwaresima

Jumatatu baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya dawa hospitalini Karatu. Mbele yangu bibi mmoja wa Mbulumbulu, aliyetibiwa saratani ya titi, alimrudishia muuguzi pakiti nzima ya vidonge.

"Nilifunga Kwaresima, mjukuu wangu. Niliacha nyama, sukari na hivi."

Muuguzi akajishika kichwa. "Bibi, hii si anasa! Ovari zako zimestaafu, lakini kwenye mafuta ya mwili kuna kimeng'enya kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni, na hiyo ndiyo inayolisha saratani yako. Kidonge hukizuia."

"Na hicho kimeng'enya chenyewe hakifungi?"

"Hata Ijumaa Kuu kinafanya kazi!"

Foleni nzima tukacheka. Muuguzi akasoma karatasi yake ya vipimo: hakuna uvimbe mpya. Bibi akapiga kigelegele, akameza kimoja palepale bila maji.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani kwetu. Kila mwaka nahimiza watu kufunga, na sijawahi kuwaambia kwamba dawa haihusiki. Jumapili hii nitasema.

Ee Bwana, mke wangu aliondoka kwa ugonjwa huohuo. Mpumzishe kwako, naye afurahi pamoja na bibi huyu.