Kamba Niliyoifunga Mlangoni

Nilikuwa na miguu miwili, nikiishi mtaa wa Ng'ambo na mke wangu Zuwena. Kazi yangu ilikuwa kuendesha mlango wa mota wa ghala la karafuu, bandarini. Ulikuwa mlango wa chuma, ukitembea juu ya reli. Mwisho wa reli palikuwa na swichi yenye mkono mdogo. Mlango ukiubonyeza, umeme hukatika, mlango husimama. Fundi akiiita kikomo. Alinikataza kukichezea. Niliyafahamu maneno yake.

Alasiri moja ya Ramadhani vumbi la karafuu lilikwamisha ule mkono, ukabaki umebonyea. Mlango ukakataa kufunguka. Makame, kaka yake Zuwena, alikuwa mchukuzi pale.

"Shemeji, mlango wako mvivu kuliko wewe! Tutafuturu hapahapa?"

Wenziwe wakacheka. Nikaona haya. Nikauvuta mkono ule, nikaufunga kwa kamba ya usumba wa nazi usibonyee tena.

Mara mbili niliwahi kuizima mota mwenyewe mlango ulipofika mwisho. Mara ya tatu niligeuka kumjibu Makame. Mlango ukapita mwisho, ukatoka kwenye reli, ukatuangukia. Makame alikufa palepale, gunia mgongoni. Mimi ulinisaga mguu wa kushoto.

Siku ya nne hospitali mguu ulikuwa mweusi, unatoa maji yenye uvundo hata mwenyewe nikageuza uso.

"Tusipoukata leo, utakufa," daktari akasema.

Nilitaka kumwambia aniache. Sikumwambia. Niliogopa kufa; wakaukata.

Zuwena akija kila siku kuniosha. Watu wakimpa pole: "Kudra ya Mungu, bibie." Wiki ya tatu nikashindwa kuficha.

"Zuwena, kikomo nlikifunga mimi, kwa kamba."

"Ulijua mlango utaanguka?"

"Nlijua unaweza."

Akamaliza kuniosha, akakaza kitambaa cha kidonda. "Mama ntamwambia mwenyewe," akasema. Hakuja tena mpaka arubaini ya kaka yake ilipopita.

Namshukuru Mungu kwa uhai, ingawa siku nyingi namshukuru kwa mdomo tu. Namshukuru Zuwena, aliyerudi. Mama mkwe alikuja mara moja tu. Nilimwambia, "Shikamoo, mama." Akanitazama gongo la kutembelea, akanitazama uso. Hakuitika.

Nyinyi mnaoendesha milango hii, kikomo kikikwama zimeni mota, mwiteni fundi. Kazi itachelewa, mtatukanwa. Vumilieni. Mimi, baada ya Makame kufa, hata wa kunitukana sikumpata.